Chuma Kidogo Sikukifua

Dirisha la kibanda changu cha uhunzi limeandikwa Kiingereza, na kila anayekijua hicho Kiingereza akipita hapa hunisahihisha. Wamenisahihisha walimu. Amenisahihisha karani mmoja wa mjini aliyeleta shoka kunolewa. Na juzi amenisahihisha mjukuu wangu wa kike anayesoma sekondari Sumbawanga, amekuja likizo, hata begi hajalitua mgongoni.

"Babu, hapa umekosea. Kichwa cha kitabu cha Kiingereza hakiandikwi herufi kubwa tupu. Hii 'and' inatakiwa iwe ndogo, na hii 'the' ya pili nayo ndogo."

Nikamwuliza, kwanza shikamoo yangu iko wapi? Akaona haya, akachuchumaa, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyosalimiana huku kwetu. Nikaitikia marahaba. Nikasema, sasa kaa chini, bibi mdogo, maana hayo unayoyasema niliambiwa kabla mama yako hajazaliwa. Niliyakataa siku ile, na kesho Mungu akiniamsha nitayakataa tena.

Basi ndiyo haya ninayoyaandika. Nayaandika mwenyewe, kwa mkono wangu huu uliozoea nyundo, kwa hiyo msomaji akiona mstari unapanda mlima asishangae. Na kusema kwangu ni kwa kuzunguka. Mke wangu husema nikitumwa chumvi jikoni kwa jirani, nitaanza kwanza kumsimulia jirani habari za ng'ombe.

Shule nilisoma kidogo sana. Nilikaa kwa mapadre mpaka nikaweza kusoma katekisimu na kuandika jina langu, kwa herufi kubwa, kwa sababu ndizo tulizoanza nazo. Zile ndogo walizifikia wenzangu. Mimi baba alikuja kunitoa, kwa kuwa kaka yangu aliyekuwa akivukuta mivukuto alikuwa ameondoka kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na moto wa mhunzi haukai bila wa kuupulizia. Sikulia. Darasani kulikuwa na baridi, na kwa baba kulikuwa na moto. Mtu aliyekaa huku Ufipa mwezi wa sita, upepo unapita uwandani hauna wa kuuzuia, ataelewa kwa nini sikulia.

Babu yangu aliyeyusha mawe ya chuma kwenye yale matanuri marefu ya udongo, ambayo bado unayakuta yamesimama porini kama vichuguu vyenye shingo. Baba hakuyakuta tena. Yeye alifua vyuma chakavu, springi za malori na vyuma vya majembe yaliyochakaa. Lakini kitu kimoja alichorithi baba hakukiacha, nacho ni vyuma viwili vya chapa.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana bila hivi vyuma hakuna ninalosema.

Chuma cha chapa ni kama patasi butu yenye mpini mrefu. Unakitia motoni mpaka kiwe chekundu, unakibonyeza kwenye mti, kinaacha mstari mweusi ulionyooka. Kwa mistari hiyo baba alichora alama yake kwenye kila mpini wa jembe. Chuma kikubwa kilikuwa cha jembe zima. Chuma kidogo, chenye ncha ya nusu ya kile kikubwa, kilikuwa cha jembe lililopata ufa motoni likazibwa. Jembe hilo linalima, ila halitafika mbali. Baba hakuficha. Alilipiga chapa ndogo, na mnunuzi akaugeuza mpini, akaona, akajua anachukua nini. Watu ambao hawakujua hata A walijua kusoma hiyo. Mlimani kote, na chini bondeni mpaka upande wa Milepa, ukisema mtu fulani ni jembe la chapa ndogo, umekwisha kumtukana. Hakuna haja ya kuongeza neno. Msichana aliyerudishwa na mume, chapa ndogo. Mtoto aliyezaliwa dhaifu, Mungu anisamehe, nimewasikia wakimwita chapa ndogo.

Baba alipokufa nilikitia kile kidogo motoni, nikakifua kikawa komeo la mlango. Niliapa kwamba kwangu jembe likipasuka linarudi motoni mpaka liwe jembe, au liwe kitu kingine. Haliendi kwa mtu likiwa na ufa. Kikabaki kikubwa peke yake.

Sasa tufike kwenye miaka ile ya vijiji.

Operesheni Vijiji ilipokuja tulihamishwa kutoka kijiji chetu cha zamani, tukapangwa kando ya barabara ya kwenda Laela, nyumba kwa mstari, kama askari. Na hatukuwa sisi wa mlimani tu. Waliletwa pia watu kutoka chini ya ukingo wa bonde la Rukwa. Mke wangu ni wa huko bondeni. Nilimwoa kabla ya mambo hayo yote, na wajomba zangu walinuna harusi nzima. Watu wa mlimani walikuwa na maneno yao juu ya wa bondeni: wananuka samaki, hawajui baridi, wamekuja na mbu kwenye mablanketi. Wa bondeni nao walisema sisi ni wabahili, na ugali wetu wa ulezi ni mweusi kama roho zetu. Kisimani foleni zilikuwa mbili, ingawa kisima ni kimoja.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu wa mlimani, mtu mzima mwenye sauti nzito, na tangu siku ya kwanza alikataza moto wa uhunzi karibu na nyumba. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Nyumba zote ni za nyasi, zimebanana, na upepo ule ninaousema. Cheche moja tu, tungelala nje kijiji kizima. Akasema kazi zote za ufundi zitawekwa pamoja kwenye karakana ya kijiji, nje kidogo, ikishajengwa. Kwa hiyo mivukuto yangu na fuawe la baba vikalala pembeni mwa nyumba chini ya ngozi ya mbuzi, na mimi nikapelekwa shamba la pamoja. Huko tena bwana shamba anatulimisha matuta marefu yaliyonyooshwa kwa kamba. Sisi tumezoea ntumba, unafukia nyasi chini ya vichuguu vya mviringo zinaoza zinakuwa mbolea, lakini kamba haijui mviringo. Nililima kwa kamba. Usiku nililala nikisikia mikono inawasha kwa kukosa nyundo.

Swali lilikuwa nani atapewa karakana. Alikuwepo kijana mmoja aliyesomea ufundi mjini, ana cheti. Nilikuwepo mimi, sina cheti, nina baba na babu. Nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa hicho kimoja, kuuwasha moto wangu tena kwa ruhusa, chini ya paa.

Ndipo likaja suala la kitabu.

Tulikuwa na kisomo cha watu wazima, alasiri tukitoka shamba, chini ya banda la nyasi. Mwalimu wetu alitoka Mbeya. Alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, mwenye viatu alivyovivua kila ikinyesha na kuvitia kwapani ili visiharibike. Alisali kanisa lingine, sisi wengi ni Wakatoliki, lakini hakumdharau mtu. Yeye ndiye aliyewaza kwamba wazee wa mlimani na wazee wa bondeni wasimulie habari za kwao, yeye aandike, iwe kitabu kimoja kikubwa cha kuwekwa kwenye chumba cha kusomea, ili wale wa foleni mbili wasomane. Mawazo mazuri. Naye mwenyekiti akasikia kwamba kuna mgeni wa kutoka Ulaya atapita kukagua visomo, akaamua kitabu kipewe jina la Kiingereza.

Nikasema, "Ndani Kiswahili, juu Kiingereza? Si kama kumvalisha mbuzi kofia?"

Mwenyekiti akanijibu, "Fundi, mgeni ndani hatasoma. Juu atasoma."

Hapo alisema kweli.

Nikaambiwa nitengeneze jalada la mbao na kulichoma jina. Mwenyekiti akanivuta pembeni: "Hiyo kazi ikipendeza mbele ya mgeni, karakana nitakusemea. Umenisikia?" Nilimsikia vizuri mno. Nilirudi kule kijijini kwetu kwa zamani, mahame tunavyoita mahali watu walipohama, nikang'oa kidirisha cha nyumba ya marehemu mama. Kilikuwa ubao wa mninga, mmoja, mzito. Nikaupiga randa mpaka ukang'aa.

Mwalimu aliandika jina kwa chaki kwenye ubao wa darasa: "The Hill and the Valley". Yaani Mlima na Bonde. Nikaona herufi nyingine amezifanya kubwa na nyingine ndogo, nikadhani chaki inamwishia. Nikamwomba anitajie zile ndogo kwa majina ya zile ninazozijua, akanitajia. Nikaenda nyuma ya banda, nikakoka moto mdogo wa kuchomea kwa ruhusa ya mwenyekiti, nikaanza kazi. Na kazi ile ilinipenda! Angalia wewe mwenyewe maneno hayo ukiyaandika kwa herufi kubwa: karibu yote ni mistari iliyonyooka, kana kwamba Waingereza waliyatunga kwa chuma cha baba. Ni D peke yake iliyokuwa na tumbo, nikalikunja tumbo lake kwa pembe. Maneno yote kimo kimoja, wekundu mmoja wa moto, weusi mmoja.

Nikapeleka darasani. Mwalimu akapapasa mbao, akasema, "Fundi, hii kazi ya kupeleka maonyesho." Kisha akainamisha kichwa. "Ila kuna jambo."

"Sema, Mwalimu."

"Kichwa cha habari cha Kiingereza kina taratibu zake. Neno la kwanza linaanza na herufi kubwa. La mwisho pia. Katikati, maneno yenye uzito yanapewa kubwa. Yale madogo ya kuunganishia yanabaki madogo yote. Hapa 'and' iwe ndogo, na 'the' hii ya pili."

Nikatazama. "Hii 'the' ya kwanza na hii ya pili, si mtu na pacha wake?"

"Ni neno moja."

"Mbona huyu unampa koti na mwenzake unamwacha kifua wazi?"

"Huyu ametangulia, fundi. Anayetangulia anapewa kubwa hata kama ni neno dogo."

"Hata kama ni dogo?"

"Hata kama."

"Basi Kiingereza nacho kimewahi kupanga foleni ya sukari kwenye duka la kijiji," nikasema, na darasa zima likaangua kicheko, wa mlimani na wa bondeni pamoja, jambo ambalo halikuwa la kila siku. Mwalimu naye akacheka mpaka akafuta macho. Nasema tena, hakuwa mtu mbaya, na katika hiyo taratibu yake hakuwa amekosea. Mjukuu wangu amefundishwa vilevile, kwa hiyo lazima ndivyo ilivyo huko kwenye vitabu.

Kisha akasema neno lililonyamazisha watu. Alisema kwa moyo safi kabisa.

"Si jambo kubwa, fundi. Wewe mhunzi. Piga randa, halafu fua chuma kidogo cha kuchomea yale madogo, herufi hizohizo zako ila fupi."

Mzee mmoja wa bondeni, aliyekaa mbele kwa sababu macho yake hayakuona mbali, akakohoa. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akatutazama mmoja mmoja, haelewi ni nini kimepita juu ya banda. Alikuwa wa Mbeya. Chapa zetu angezijulia wapi? Nami sikumweleza hapo. Nilisema tu, "Nitaangalia."

Angeniambia fanya kwa herufi za kizungu zenye matumbo, ningemwambia siwezi na ingekuwa kweli. Lakini chuma kidogo naweza kukifua nikiwa nimefumba jicho moja. Kwa hiyo nilikosa pa kujifichia. Ikabaki kutaka au kutotaka.

Nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa anasaga ulezi. Nikamwekea ubao mbele yake, nikamweleza alivyosema Mwalimu, na nikaongeza kwamba karakana iko ndani ya ubao huu. Yeye hakwenda hata kisomo, alisema macho yake ana kazi nayo nyingine. Akafuta mikono, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Hili linabaki kubwa?"

"Linabaki."

"Linashika nini?"

"Linashika mlima. 'The Hill'."

Akasogeza kidole mpaka upande wa pili. "Na hili la kufanana nalo?"

"Hilo linashika bonde. Ndilo la kufanywa dogo."

Akasema polepole, "Kwa hiyo baba yangu ataingia kwenye hicho chumba chenu, kusoma hajui, atageuza ubao kama anavyogeuza mpini, ataona mlima una chapa kubwa na kwao kuna chapa ndogo."

"Ni Kiingereza, Mama Watoto."

"Baba yangu anajua Kiingereza?"

"Hajui."

"Anajua chapa?"

"Anajua."

"Basi atasoma anachokijua." Akarudi kwenye jiwe la kusagia. "Fua tu hicho chuma. Ila ukishakifua, utafute na jembe zima la kukupikia, maana hili la ufa litakuwa limerudi kwao."

Usidhani alikuwa anatania. Alikuwa na namna ya kutania bila kucheka, na namna ya kutotania bila kucheka, na mimi nilikuwa nimeishi naye vya kutosha kuzipambanua.

Na nitakuambia ukweli, hata angenibembeleza nifue, sidhani kama ningefua. Nilikumbuka komeo la mlango nililolifua kwa kile chuma, na nilivyoapa. Lakini karakana nayo niliitaka. Niliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Kesho yake mwenyekiti akaja kwangu. Mwalimu alikuwa amempelekea habari kwamba jalada halijawa sawa. Akakaa kwenye kigoda, akakataa togwa, dalili kwamba amekuja kiserikali.

"Ndugu fundi, nasikia unatuchelewesha kwa ajili ya herufi mbili tatu."

"Si herufi, Ndugu Mwenyekiti. Ni chapa."

"Chapa gani tena? Hayo ni ya majembe. Hiki ni Kiingereza tu. Kiingereza kina utaratibu wake, tuufuate, mgeni asituone washamba."

"Sawa," nikasema. "Kama ni Kiingereza tu, mimi nafua chuma kidogo leo hii. Lakini tupindue maneno. Bonde litangulie, mlima ufuate. Utaratibu hautavunjika. Bonde litapata kubwa, mlima utapata ndogo."

Mwenyekiti alikuwa amenunua majembe kwa baba tangu ujana wake. Nilimwona anaupiga picha ule ubao kichwani, mlima na kile kidogo mbele yake.

"Hapana," akasema. "Hilo wazee hawatakubali."

"Kwa nini? Si Kiingereza tu?"

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilisikia jiwe la kusagia linasimama.

Mwenyekiti akainuka. Uso ulikuwa umemwiva. "Sikiliza, bwana. Karakana unaitaka au huitaki?"

"Naitaka."

"Basi fua hicho chuma."

"Sifui."

"Unajua unachokisema?"

"Najua, Mwenyekiti. Shamba lako la kamba nitalima. Mawe ya karakana nitabeba, hata akipewa mwingine. Lakini chuma kidogo nyumbani kwangu hakifuliwi tena, na huo ubao hautapigwa randa na mtu yeyote nikiwa hai. Ukitaka mwingine, msitu uko pale."

Akaondoka bila kuaga. Mke wangu akatoka na ile togwa aliyoikataa, akaninywesha mimi.

Siku ya mgeni ilifika. Muda wa kutafuta mbao nyingine haukuwepo, kwa hiyo walipata njia: Mwalimu aliandika jina upya kwenye karatasi nyeupe, kwa taratibu zake, kubwa na ndogo, wakaibandika juu ya maandishi yangu kwa uji mzito. Nilisimama nyuma ya watu wa kwaya. Mgeni alikuwa mzee mrefu, pua imemwiva kwa upepo wetu. Akapokea kitabu, akainamisha kichwa kwa heshima, akapigwa picha na mwenyekiti. Kisha akaomba aonyeshwe mbuzi wa kijiji, na mbuzi ndio waliomchekesha zaidi. Sikuona kama alisoma karatasi kwa macho ya kupima kubwa na ndogo. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki. Mtu amesafiri mbali, ana mafua.

Lakini wazee wa bondeni walijua kilichokuwa chini ya karatasi. Baba mkwe wangu, baada ya mgeni kuondoka, aliingia kwenye kile chumba, akaweka kiganja juu ya jalada. Ile karatasi ilikuwa imezama kidogo penye mistari ya moto. Akaenda nayo taratibu kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akatoka nje, akanipita, akaenda kuchota maji kwenye foleni ya watu wa mlimani. Wakampisha.

Karakana akapewa yule kijana wa cheti. Nilibeba mawe kama nilivyosema. Kijana hakuwa na ubaya, na baadaye alinijia kwa siri nimfulie koleo, kwa sababu zile za mjini zilikuwa zinamlegea.

Je, nilikaa kimya na mivukuto yangu chini ya ngozi? Sikukaa. Mwenyekiti alikuwa amekataza moto karibu na nyumba. Basi nikatafuta pasipo na nyumba. Nikauchukua mzigo wangu wote kwenda kule kwenye mahame yetu, nikasimamisha nguzo nne penye kuta zilizobomoka za mama, nikaezeka. Wa kunivukutia sikuwa naye. Mke wangu akasema, "Sogea." Kwetu mwanamke hakaribii moto wa mhunzi, baba angeona angefufuka kwa hasira. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Akifufuka nitamsalimia shikamoo, halafu nitaendelea." Akakaa, akashika vijiti vya mivukuto, moto ukapaa.

Mgambo wa kijiji walitumwa. Walikuja asubuhi, wawili, na marungu na mapanga yao.

"Fundi, tumetumwa. Moto wa uhunzi umekatazwa karibu na nyumba."

"Nimesikia na nimetii. Nyumba iko wapi?"

Wakatazama kulia, wakatazama kushoto. Magofu, nyasi, upepo.

"Haipo," akasema mmoja.

"Basi mkaseme haipo. Na hilo panga lako, mbona limekuwa kama mwiko? Lete hapa."

Wakarudi na panga linalokata. Hawakutumwa tena. Watu wakaanza kuja, wa mlimani na wa bondeni, wanatembea mwendo wote ule na kuiacha karakana ya kijiji kule barabarani, wengine kwa sababu ya majembe, wengine, nadhani, kwa kutaka kuona mwanamke akivukuta. Nilikuwa nalima shamba la pamoja siku za shamba, na siku zangu nilikuwa huku. Mwenyekiti tulisalimiana kanisani. Moto hakuutaja, na mimi ubao sikuutaja.

Miaka ikapita. Chumba cha kusomea kiliingiliwa na mchwa, mvua ikamalizia. Mwalimu akapata uhamisho wa kurudi Mbeya. Kabla ya kupanda lori alikuja huku mahame kwa miguu, viatu kwapani maana kulikuwa na matope, na ubao wa mninga begani. Mchwa walikuwa wamekula karatasi za ndani zote, habari za wazee zikaenda, na jambo hilo lilimuuma sana. Mninga hawakuuweza. Ile karatasi yake ya juu ilikuwa imebanduka, umebaki ukoko wa uji pembeni.

Akauweka chini. "Fundi, bado umekosea."

"Najua, Mwalimu."

"Huko niendako nikiulizwa, nitasema ulikosea."

"Sema hivyohivyo. Usinipunguzie."

Akacheka. Akamsalimia mke wangu shikamoo, akakaa karibu na moto kukausha miguu. Akaniomba jembe la kumpelekea mama yake. Nikamchagulia, nikamkabidhi. Unajua alifanya nini? Aligeuza mpini, akapapasa chapa kwa kidole gumba, akaipima, ndipo akashukuru. Hakuna aliyewahi kumfundisha pale darasani. Alikuwa ameishi nasi tu.

Ule ubao nikaurudisha ulikotoka. Hili dirisha liko kwenye ukuta uleule wa mama, limeelekea bondeni, asubuhi nikilifungua jua linaingia kupitia kwake.

Mjukuu wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kidevu mkononi. Nilidhani ameelewa. Akasema, "Sawa babu, lakini siku hizi hakuna anayejua hizo chapa. Mimi nina rangi kwenye begi. Naweza kuzipunguza hizo mbili vizuri tu, hutajua hata kama palikuwa na kosa."

Bibi yake alikuwa pale mivukutoni, ameacha kuvukuta siku nyingi lakini bado hukaa palepale, anapepeta ulezi. Masikio yake yamepungua. Akaniuliza, "Anataka kupunguza lipi?"

"Lile lenu," nikasema.

Akaendelea kupepeta. "Mwambie ndoo iko nyuma ya mlango, maji yameisha."

Msichana akachukua ndoo, akaenda kisimani anacheka. Mimi nikaweka makaa.